Nilivyoisugua Pampu ya Marehemu

Kampuni moja ya pampu ilikuja sokoni kwetu Tulia kusherehekea historia yake. Pampu yao ya kwanza huku Kitui, walisema, ni hii ya kisima chetu, na haijawahi kuharibika. Kwa hiyo kikundi chetu cha maji kingepewa tangi jipya.

Marehemu mume wangu ndiye aliyeitunza. Asubuhi ile, kwa kumkumbuka, niliisugua kwa mchanga na mafuta ya taa hadi rangi yote ikatoka. Herufi zikajitokeza, mimi niliyeishia darasa la nne nikazing'arisha zaidi bila kuweza kuzisoma, kisha nikaifunika kwa leso.

Meneja alihutubia, akaitoa leso. Herufi zile zilikuwa jina la kampuni nyingine.

Mwenyekiti wetu akaninong'oneza, maikrofoni mkononi: "Mama Kyalo, yao ilikufa kitambo! Mzee wako aliipaka hii rangi yao makusudi!"

Soko zima likasikia.