Vigoda vya Ukutani

Enzi zetu za Zaire, wenzangu wa Kisangani mtakubali, kelele ilikuwa kazi ya kila mtu. Asubuhi, kabla ya darasa, tulicheza na kukiimbia chama tawala, tulichokiita parti, mpaka koo zikauke na vumbi litufike magotini. Kunyamaza nilijifunza nyumbani.

Mama hakusikiliza kesi za watoto. Mkigombana, alitoa vigoda viwili, akawakalisha mkitazama ukuta wa jiko, lituma, ndizi za kupondwa, ikinukia mawese humo ndani na njaa ikiwakata. Hamkuinuka mpaka kila mmoja aone kosa lake.

"Sema ya kwako," alikuwa akituambia. "Ya mwenzako, atasema yeye mwenyewe."

Wasomi wanaita kujichunguza nafsi. Sisi tuliita kukaa ukutani, na tulikuogopa kuliko fimbo.

Kisha mjomba, kaka yake mama, akafariki kule Basoko. Papa alipata habari, akaificha mpaka maandamano ya chama yapite, maana mke wa karani wa serikali asingethubutu kukosekana. Siku ile mama alicheza, amevaa kitenge cha chama, na kaka yake anazikwa. Alipojua, alimtukana papa matusi ambayo sitayaandika, akafunga mzigo. Alisema anapanda meli ya mtoni kwenda kwao na hatarudi.

Sisi wadogo tulilia. Dada yetu mkubwa, Bolumbu, alileta vigoda viwili, akaviweka ukutani, akawatazama wazazi wetu.

Papa aliketi kwanza, na abakosti yake, ile suti ya watu wa serikali. Mama alitua mzigo, naye akakaa.

"Mama Bolumbu, ya kwangu ni hii," papa alisema mwishowe. "Niliogopa. Niliogopa watu ya parti, nikakunyima kilio."

Mama alilia kwanza. "Ya kwangu: nimekutukana mbele ya watoto."

Walipanda meli pamoja, papa bila kuomba ruhusa kazini. Wakarudi pamoja.

Leo watoto wetu wana simu ya kumrekodi kila jirani anayekosea. Mwambie mmoja anyamaze kidogo, atauliza kama mtandao umekatika. Nacheka, lakini sicheki sana. Wazee wetu wamelala makaburini. Vigoda ninavyo mimi, na wageni wanadhani ni pambo. Nikikosana na mtu, ninakaa kwenye kimoja, nasema ya kwangu. Kile cha pili, hakuna anayekuja kukikalia.