Siku Mashini Ilinihesabu Kuwa Cacao

Acha niseme mwenyewe kwa kinywa yangu, kwa sababu ku soko ya Butembo banasema nguo zangu zote zilianguka, na ile ni uongo mutupu. Ilianguka kikwembe moja tu, kitenge ya juu. Ya pili ilibakia, asante Mungu, hata kama ilikuwa ile ya zamani yenye matundu, yenye ninavaaka chini nikiwaza kama hakuna mutu atakuja kuiona. Balikuja kuiona. Muzungu aliiona, gérant, mukubwa wa depo yetu ya cacao, aliiona, mutaa muzima iliiona, na Hadji Saidi, mwenye kubebaka mizigo yetu, naye aliiona (aligeuka mbio, heshima yake iko kubwa, lakini jicho lilikuwa limesha ona).

Mimi ni présidente wa bamama ba cacao kule Beni. Masomo yangu iliishia ku troisième primaire, darasa ya tatu, lakini mujukuu wangu Kavira, mutoto wa mutoto wangu wa kwanza, alisoma logistique, ni kusema elimu ya kujua kitu iko wapi. Kama hamujui kwamba ni mujukuu wangu, basi hamujakutana na mimi hata siku moja, maana mimi hiyo naisema mbele ya kusalimia.

Sasa kukatokea muzungu mumoja wa kununua cacao. Jina yake hatukuishika, tulimuita Monsieur Traçabilité, kwa sababu ile neno njo alikuwa anajua kusema asubui, muchana na akikula. Alitaka kila mufuko ijitambulishe: ilitoka shamba ya nani. Cacao yenye kusema! Mimi nimezaa batoto benye bakifika nyumbani hawasemi balitoka wapi, sasa mufuko njo itasema.

Lakini alikuwa analipa vizuri kupita bengine, basi tukawa batu ba maendeleo. Kavira akashuka Beni kutufundisha. Akatuonesha vitu vidogo, bapa, kama karatasi ya bonbon.

“Hii inaitwa RFID,” akasema. “Ndani mwake kuko jina ya mama na shamba yake. Munaishona ku kona ya mufuko siku ile ile ya kuijaza. Kule Butembo, ku mulango ya depo, tumeweka mashini. Mufuko ikipita, mashini inaisikia, hata bila kuiona.”

Mama Kahindo akainua mukono. “Mutoto yangu, na bwana yangu, naweza kumushonea moja?”

“Mama, mashini iko ku depo, hapana ku nganda ya pombe.”

“Basi haijakuwa na maana.”

Tukacheka, tukapiga makofi, Kavira akarudia Butembo. Na mimi, présidente, mwenye hekima, nikabakia na uamuzi moja kidogo tu.

Munajua batu ba milima yetu vile bashukaka ku misa. Viatu vya Yesu havitembei mu matope. Unashika viatu mu mukono, unakanyaga matope na miguu wazi, ukifika karibu ya kanisa unanawa ku mufereji, njo unavaa na kuingia kama mutu wa maana. Basi nikawaza kamio, ile lori ya Hadji Saidi yenye inapelekaka cacao yetu Butembo. Ni muislamu wa Beni, baba yake alibeba mizigo ya mama yangu, hatuna shida naye, lakini juu ya mifuko ya cacao mu kamio yake kunapandaka batu, ndizi, kuku na mbuzi. Sasa vitu vya muzungu, vipya vile, nivishone ku mifuko, mbuzi ije kukojolea jina ya Mama Kahindo? Nikaambia bamama: “Leteni zote kwangu. Nitazishona Butembo kamio ikifika, mbele Monsieur na bageni benzake hawajaamuka.” Kavira akapiga telefone kuuliza. Nikamujibu: “Zote ziko salama.” Na sikudanganya. Zilikuwa salama kabisa, kati ya kikwembe ya juu na ya chini, mu kitambaa yenye nilifunga ku kiuno, pale bamama ba kwetu tunawekaka franga, ufunguo na siri.

Nikapanda pikipiki, nikafika Butembo mapema. Kamio ikakwama mu matope mu njia. Na bageni, benye mimi niliwaza beko nalala bado, balikuwa bamesimama mu depo yetu ya Rughenda na viatu vyenye kungaa. Kavira akaniona, mimi bibi yake, ku barabara: “Koko! Ingia usalimie!” Nikaingia.

Piiip! Piip piip piiip! Mashini ililia kama mbuzi ya kupelekwa ku sikukuu. Kavira akaangalia ekra, kioo ya mashini, akaruka juu. “Monsieur! Cacao yote imefika!”

Bote bakageuka kuangalia chini. Chini kulikuwa simenti. Simenti muzuri, ya kufagiwa, bila cacao.

Mimi nikasalimia.

Pale njo ningepashwa kusema. Lakini angalieni ile haya: présidente, koko ya mwenye kuleta mashini, aseme nini? Nikajiambia kamio itafika, nitashona mbio mbio kule nyuma, mambo itaisha. Ni mawazo ya mutu mwenye anazama na anasema maji iko tu baridi kidogo. Kwa kutuliza roho nikakunywa chai. Nikakunywa ingine. Na choo ya ile depo (mutu mwenye aliijenga, Mungu amuone) iko inje, ngambo ya kiwanja.

Nikatoka. Piiip! “Cacao inatoka!” gérant akapiga kelele. Nikarudi. Piiip! “Imeingia!” Nikatoka tena, chai haijui présidente. “Imetoka yote! Mufunge barabara!” Bakakimbia inje na fimbo, banatafuta kamio ya mwizi, banapita pembeni yangu banasema: “Pardon, Koko, tupishe.” Nikabapisha.

Gérant akasema ni wazi: Hadji alishusha cacao yetu pahali pengine, anaiuzisha. Akamuita mwizi ku telefone, na haut-parleur, mutaa muzima inasikia. Kamio ilipofika hatimaye, ya matope mpaka ku madirisha, batu balisha jaza njia. “Mwizi! Mwizi!” Hadji akashuka, muzee wa ndevu nyeupe, hajaelewa hata neno.

“Mwizi ni nani?” akauliza. “Hesabuni mifuko yenu. Iko yote.”

Bakashusha. Mifuko ikapita ku mulango, moja nyuma ya ingine, migongoni mwa babeba mizigo, na mashini ikanyamaza. Mashini yenye ilinililia mimi mpaka inje, kwa cacao haina neno.

Monsieur akatikisa kichwa. “Mashini haiijui hii. Hii hapana cacao ya bamama. Ni ya pahali pengine.”

“Unaona?” gérant akasema. “Alibadilisha! Muite polisi!”

Hadji akavua kofia yake. “Tangu niko kijana nabeba mali ya hawa bamama. Munaniita mwizi mbele ya batoto ba mutaa? Leteni Kitabu, niape.”

Ile, nilishindwa. Haya yangu nilikuwa naweza kuibeba mpaka kaburini, lakini si juu ya kichwa ya mutu mwingine.

“Mumuache Hadji!” nikalia. “Cacao iko ku tumbo yangu!”

Sauti moja ikatoka nyuma: “Présidente alikula mifuko yote?”

Kavira akakuja polepole na mashini ingine kidogo, ya kushika mu mukono, ya sura ya pistole. Akainyoosha ku tumbo yangu, ikaimba. Akasoma ekra, sauti chini: “Mama Kahindo. Mama Kyakimwa. Cacao ya kukauka. Qualité ya kwanza.” Ku umri yangu hii, qualité ya kwanza! Kama haikukuwa ile siku, ningeomba aisome tena.

Nikavuta kifundo ya kitambaa. Ikakataa. Nikavuta na hasira. Ikafunguka, na kikwembe ya juu ikaifuata mpaka chini, na vile vitu vikamwangika ku simenti kama dagaa ku soko. Hadji alikuwa amesha geukia ukuta.

“Mama, jifunike,” akasema. “Nilisha kusamehe. Jifunike kwanza.”

Monsieur hakununua. Alisema sasa hakuna mwenye anaweza kuhakikisha mufuko gani ni ya mama gani, na alikuwa na haki, hiyo njo iliniuma. Cacao ya musimu muzima ikaenda kwa banunuzi ba kila siku, kwa bei ya kila siku. Bamama balinilaumu, kisha balicheka, na kucheka njo kulikuwa mubaya zaidi. Gérant akapelekea Hadji mbuzi ya kuomba musamaha. Mimi nilienda na maneno tu, nikayasema mu barabara ile ile, sauti juu, na nawaambia, afazali mbuzi.

Kavira yeye alikaa juu ya mifuko, akafuta macho, akaniuliza: “Koko, ingekugarimu nini kuniuliza tu?”

Monsieur alisema atarudi musimu yenye inakuja, atujaribu mara moja ya mwisho. Sasa Kavira anatembea, anafundisha mpaka Kasugho, na kila pahali anaanza na hadisi ya “mama mumoja wa Beni”. Jina hataji. Haina kazi, minakaaka pale mbele, batu banageuka kuniangalia. Na mimi nimeapa: kitu yoyote mupya yenye mutaniletea, nitaishona pale pale mulisema, siku ile mulisema, hata mukisema ku sikio ya mbuzi. Kama ni upumbavu, basi safari hii haya itakuwa yenu.