Aliyemwosha Binamu Yangu

Nilisikia maji kwanza. Yalimwagwa kidogokidogo nyuma ya pazia, katika chumba cha kuoshea maiti kando ya msikiti wetu hapa mtaani Iftin, yakatulia, yakamwagwa tena. Hapo ndipo nilipoamini kwamba binamu yangu amekufa. Jioni iliyotangulia alikamatwa na polisi akitoka dukani. Asubuhi tuliitwa tukachukue mwili. Daktari wa kupasua maiti angefika kesho yake, tukaambiwa tungoje. Nani angengoja? Kwetu maiti haiwekwi. Alasiri ilipoadhiniwa alikuwa ameshafunikwa mchanga.

Wiki kadhaa baadaye nilimsindikiza habaryar, mama yangu mdogo, hadi kituoni. Marehemu ni mwanawe, nami nilikwenda kumsaidia Kiswahili. Alitaka jambo moja tu: kuambiwa mwanawe alikufaje.

“Alianguka, mama,” afisa alisema. “Mngengoja daktari tungejua zaidi. Sasa mmeshazika, mimi nitakuambia nini?”

Habaryar hakuningoja nitafsiri. “Mbuzi ikibotea huko mbali Griftu, nyinyi najua. Kijana yangu amekufa ndani ya nyumba yenu, hamjui?”

Afisa aliinamia simu yake.

Tulipita kwa wachunguzi wa malalamiko dhidi ya polisi. Wao walisema mahakama inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, ila kwanza wamsikie mtu aliyeona majeraha.

Mtu huyo alikuwepo. Abti, kaka wa habaryar, ndiye aliyemwosha binamu yangu. Lakini anayeosha maiti hasimulii alichokiona. Kasoro za mwili huzikwa pamoja na mwili. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Jioni hiyo habaryar alimwita kwake, akammiminia chai.

“Walaal, ndugu yangu, mgongo wake ulikuwaje?”

“Usiniulize hilo.”

“Nimeshakuuliza.”

“Nilimsitiri mwanao. Unataka nimvue tena mbele ya watu?”

“Mwanangu hana aibu yoyote. Hapo unamsitiri aliyempiga.”

Abti aliisogeza chai kando. Kisha akasema kwamba sheikh alishamweleza, tangu siku za matanga, kuwa siri ile ni ya kumlinda maiti, si ya kumlinda mwingine.

“Na muda wote huu ulikuwa unangoja nini, wewe mwanamume?”

“Nilikungoja wewe. Ni mwanao. Ningeanzaje mimi?”

Habaryar alicheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya shungi.

“Watamfukua,” abti alisema.

“Wamfukue. Halafu utamwosha tena.”

Asubuhi abti alirudi amevaa kanzu safi, akatuaga, nasi tukamwombea dua. Aliiweka sawa kofia yake, akashika njia ya kwenda kwa wachunguzi. Habaryar alimtazama hadi akakunja kona ya duka. Ndipo akaurudisha mlango wa bati, akaufunga.