Dafu la Mtaalamu wa Makumbi

Enzi za Mwingereza, mie na mama tulikuwa tukifukia makumbi ya nazi kwenye tope la Mtoni. Yakishalainika tunayafukua, tunayaponda, tunapata usumba wa kusokotea kamba. Yalinuka kama mzoga.

Siku moja akaja mzungu mtaalamu wa mimea. Akatueleza kwamba kila mmea umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, naye anachunguza kuta zake: zinavyotanuka mmea ukikua, na kwa nini tope linaozesha vingine vyote, nyuzi zikabaki. Akaokota kumbi linalochuruzika maji meusi, akalinusa kama anayenusa asumini, kisha akalichana kwa meno. Kwa meno! Nikatema mate.

Mama, kwa ustaarabu wake, akamkatia dafu. Mzungu akatoa leso, akafuta pale mama aliposhika, akafuta tena, akaliweka chini bila kulionja. Mtu katoka kutafuna uozo, anauonea kinyaa mkono wa mama yangu!

Alipoondoka, mama akaliokota dafu lile. Akaosha pale mzungu aliposhika, ndipo akanywa.