Maji ya Mlonge Mbele ya Wakwe

Mbolea ya dukani ilipoadimika, lengalenga zetu, mchicha wa kwetu pale Gasenyi, zilikuwa manjano mpaka aibu. Nikajifunza kutengeneza maji ya mlonge: unatwanga majani mabichi, unaloweka, unachuja kwa kitambaa, unazimua na kunyunyizia mboga. Hayaleti chakula, nilimweleza baba, yanaupa mmea hamu ya kula hicho kidogo kilichomo udongoni.

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Nyumba yote iko na hamu ya kula, na we unaniletea mboga zenye hamu!"

Nilinuna, lakini sikuacha. Maji yakakaa stoo kwenye dumu la njano, yakachacha, yakanuka vibaya. Shauri yao, mboga hazina pua.

Ikafika siku ya posa ya mdogo wangu wa kike. Alimpenda kijana mmoja wa Kinanira mpaka akakonda. Tatizo lilikuwa baba wa kijana: posa ya mwanawe mkubwa aliivunja papo hapo, eti walipokelewa vibaya.

Pombe ya wakwe baba hamwachii mtu. Aliingia stoo mwenyewe, akatoka na dumu la urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, akamimina kwenye chungu, akatia mirija. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, wageni waone hakuna sumu. Akainama, akavuta.

Macho yakamtoka. Harufu ikanifikia mlangoni. Mungu wangu, mlonge! Baba alikuwa amebeba dumu langu.

Ningesema nini? Kwamba tumewaandalia wakwe maji ya shambani? Baba alimeza, akajifuta mdomo, akatangaza: "Iko muzuri. Karibuni."

Wakainama wote. Shangazi wa kijana alifumba macho kama anayesali. Mjomba wangu, ambaye hajawahi kukataa kinywaji, akauliza kwa upole ni ndizi za aina gani.

"Za hapa hapa," baba akajibu, jasho likimtiririka.

Baba wa kijana alivuta, akatulia, akavuta tena. "Inakata kiu," akasema. Na kwa kuwa yeye hakuacha, nani angethubutu kuacha? Walivuta hadi chungu kikakauka. Mdogo wangu alinikazia macho, nami nikabana kicheko na kilio kwa pamoja. Kisha baba mkwe akasimama, akamwomba binti rasmi, baba akakubali, vigelegele vikapasua bati.

Tulipowasindikiza, baba mkwe alinivuta pembeni, kwenye lengalenga. Akageuza jani moja, akalichungulia.

"Ni we unatengeneza ile dawa ya mboga?"

"Ndiyo, mzee."

"Mi pia niko natengeneza. Yangu naongeza maji. Yenu iko kali sana."

"Kumbe ulijua! Sasa mbona ulikunywa?"

"Nilimuangalia baba yako. Alijua, na hakutema. Mutu anameza vile juu ya mutoto wake, halafu mi niweke mrija chini? Apana."

Akanikataza kumwambia baba, nami sijamwambia. Baba anaamini aliwadanganya, na siku hizi hunusa kila dumu kabla ya kulitoa. Baba mkwe naye, kila akija, huuliza kwa sauti kama ile pombe ya siku ya posa bado ipo. Baba humwambia imeisha.