Kofia Niliyoianza Kufuma

Cheka tu, msomaji. Miaka ya sabini, pale Iringa, nilikuwa mkunga. Nimezalisha wanawake wasio na idadi, mimi mwenyewe sina hata mtoto mmoja. Basi nikakosa siku zangu miezi mitano, tumbo likajaa. Nikajilaza, mwanafunzi wangu akanisikiliza tumboni kwa ile pembe yetu ya mbao.

"Moyo unapiga, sista!"

Nikalia. Nikaanza kufuma kofia ya mtoto.

Mkunga mkuu alipokuja, nikajilaza tena kwa maringo. Akatega sikio kwenye pembe huku amenishika mshipa wa mkono, kama nilivyokuwa nikifundisha kila siku: moyo wa mtoto hukimbia kuliko wa mama. Akahesabu mara mbili. Pembe na mshipa vilikwenda pamoja.

"Mwanangu," akasema taratibu, "huyu anayesikika ni wewe."