Mtama Niliofukiza

Mimi uyoga sijawahi kula, na sitakula. Kwetu tunauita mto wa fisi. Mvua ikinyesha huko msituni unatokea mweupe, umevimba, na wazee walisema fisi akichoka analazia kichwa hapo. Sasa mtu na akili yake ale mto, tena wa fisi? Lakini mtama wa kuoteshea uyoga nimeupika mimi, nimeujaza kwenye chupa, na nimepigwa picha nikiushika. Ukikaa Garissa miaka mingi hakuna mradi utakupita. Nimewekewa mizinga ambayo nyuki wenyewe walikataa kuingia. Nimefundishwa kunawa mikono siku ambayo maji hayakuwepo, tukanawa hewa. Uyoga ndio ulikuwa bado haujanifikia.

Ulikuja hivi. Kikundi chetu cha kina mama, watu wanane, tulitaka tangi la maji. Hapa pembeni ya mji maji tunaletewa na punda kutoka mtoni. Siku punda ni mgonjwa unaenda mwenyewe na mtungi, na mamba wa huko hajali kama wewe ni nyanya ya watu. Tukaandikiwa barua ya kuomba tangi kwa watu wa mradi. Jibu likarudi: tangi lipo, lakini linakuja pamoja na uyoga. Wakubwa wa mradi watakuja kuangalia. Wakikuta chupa zimekuwa nyeupe ndani kama zimejaa pamba, tangi ni letu. Wakikuta hapana, linaenda kwa kikundi kingine.

Tukaulizana tangi na uyoga wana undugu gani. Mwenyekiti wetu akasema hata wakituambia tufuge fisi mwenyewe, tutamfuga na mto tutamtafutia. Bas, tukaweka dole gumba.

Wakatuletea mwalimu, msichana kutoka Kenya, yaani huko chini upande wa Nairobi, sisi bado tunasema hivyo. Mwembamba, ana adabu, salamu yetu anaitoa kwa shida lakini anaitoa kila asubuhi. Siku ya kwanza akatuambia uyoga unataka mahali pa giza, pa baridi, pa unyevu. Tulicheka mpaka mmoja wetu akaenda kukaa chini. Nikamwambia mwanangu, mahali kama hapo pangekuwepo Garissa, tungekuwa tumelala humo sisi. Mwezi ule jua lilikuwa kali mpaka punda wanatafuta kivuli cha punda wenzao. Hakukasirika. Akatundika magunia ndani ya stoo ya mwenyekiti na kusema yawe yamelowa maji kila saa. Maji ya wapi? Ya mtoni, ya punda. Kwa hivyo ili tupate maji ya kunywa, ilibidi kwanza tuyanyweshe magunia.

Kazi yenyewe si ngumu, ni ya jikoni. Unaloweka mtama usiku mzima. Unauchemsha uive lakini usipasuke. Unauanika kwenye shuka mpaka ukiushika hauachi maji mkononi. Unajaza chupa, si mpaka juu, unaacha nafasi ya kutikisa. Kifuniko kina tundu, tundu lina pamba. Halafu unazipanga chupa kwenye pipa lenye maji kidogo chini na kuzipika kwa mvuke nusu siku. Zikipoa, mwalimu anatia mbegu ya uyoga, na zile nyuzi nyeupe zinatembea polepole kwenye mtama mpaka chupa yote inakuwa nyeupe.

Alisema adui wetu ni kidudu kisichoonekana, chupa lazima iwe safi kuliko safi. Akanipa mimi kazi ya kuzisafisha zote, kwa sababu uwanja wangu ni mkubwa na mimi ndiye mwenye umri.

Sasa ukiniambia safi, mimi ninajua safi moja, ile mama yangu alinifundisha kabla sijajua kujifunga kitambaa. Chombo cha maziwa hakisafishwi kwa sabuni, kinafukizwa. Unachukua kijiti cha mti wake, unakiwasha, unakiingiza ndani, unafunika, na moshi unakula kila kibaya. Maziwa ya ngamia yanakaa humo siku nyingi na yananukia. Kwa hivyo chupa niliziosha na sabuni ili mwalimu afurahi, kisha nikazisafisha kweli. Ya kwanza niliitia kaa la moto, ikapasuka, maana chupa ya jemu haikulelewa kama chombo cha maziwa. Zilizobaki nikazigeuza kichwa chini juu ya dabqad, kile chungu kidogo cha kuchomea ubani. Mtama nao, ukiwa kwenye shuka, ukapata moshi wake. Hata pamba ya vifuniko sikuiacha. Wenzangu walikuja mmoja mmoja, kila mtu na kijiti chake, akisema cha mwenzake hakifai. Hakuna aliyesema tumuulize mwalimu. Mtoto wa juzi utamuuliza vipi mambo ya moshi? Na yeye pua haikumwambia kitu, kwa sababu nyumba zetu zote zinanukia ubani.

Mbegu ikatiwa. Wiki moja, hakuna kitu. Wiki mbili, hakuna kitu. Mwalimu anaingia stoo, anatoka, anaingia tena. Alikuwa ametuambia tukikosea chupa zitakuwa kijani, au nyeusi, au zitanuka. Zetu hazikuwa chochote. Mtama ulikaa kama tuliouweka jana, unang'aa.

“Ayeyo,” akaniambia, maana hapa watoto wote wananiita nyanya kwa Kisomali, “hata kuharibika kuna namna yake. Hii sijawahi kuona.”

Akampigia simu mwalimu wake, naye hajawahi kuona. Mimi nilifurahi sana, nilidhani tunasifiwa.

Siku mbili kabla ya wakubwa kuja, alipita kwangu kunywa chai akanikuta nafukiza chombo cha maziwa. Akauliza moshi ni wa nini. Nikamweleza kwa raha zangu kwamba ukishafanya hivyo hakiwezi kuota kitu humo ndani, hata ukungu wa aina gani. Akaweka kikombe chini.

“Ayeyo, na zile chupa?”

“Zote,” nikamwambia. “Na mtama. Na pamba.”

Alicheka mpaka akafuta macho, na katikati nikaona si kicheko tena. Kumbe uyoga na ule ukungu unaoharibu mkate ni ndugu. Nilipomfukuza mmoja nilifukuza ukoo mzima, na tangi la watu wanane likaondoka nao.

Mwenyekiti alikuwa na dawa. Si wamesema nyeupe kama pamba? Tujaze pamba. Mwalimu akakataa, na kwa mara ya kwanza tukamsikia akipandisha sauti.

Wakubwa wakaja na gari tatu. Mkubwa wao, bwana wa tai, jasho linamtoka kama aliyenyeshewa, akainua chupa juani akaigeuza. Akamuuliza mwalimu uyoga uko wapi. Msichana akasema kosa ni lake, hakutufundisha vizuri. Hapo moyo wangu ukakataa. Wenzangu wakanivuta nguo, wanajua mdomo wangu, nikasimama hivyo hivyo.

“Huyu hana kosa. Nimezifukiza mimi, kwa mkono wangu, kama maziwa.”

Yule bwana alifurahi ajabu. Akaandika, akauliza majina ya miti, akasema elimu ya wazee iheshimiwe, tukampigia makofi. Halafu akasema tangi ni la uyoga, akaingia kwenye gari.

Wakaenda kwa kikundi cha ng'ambo ya barabara. Wale mtama wao waliupika mpaka ukapasuka, ukawa uji wa watoto, na chupa zao zilikuwa kijani, zimeota manyoya kama mwanambuzi. Mwalimu akamwambia bwana wazi, hii ni kuoza. Bwana akasema angalau hapa kuna kitu kimeota. Tangi likaja kwao na lori, jeusi, kubwa, limechorwa uyoga tumboni.

Wenzangu walininunia wiki nzima, kisha wakachoka. Sasa tunateka maji huko ng'ambo. Si mbali, hakuna mamba, na kwa umri wangu wananipisha mbele. Mwalimu amehamishiwa kwao kwa barua, azilinde zile chupa za kijani mpaka zivunwe. Anakaa kwenye kigoda karibu na tangi, na mbuzi wanaizunguka stoo yao kwa mbali sababu ya harufu. Nampelekea chai ya maziwa. Juzi nilimuuliza atavuna lini.

“Barua inasema mwezi ujao, Ayeyo.”

Nikamwambia haya, mwezi ujao aniite nije nione, nikaweka mtungi wangu chini ya bomba.